Naomba ushauri: taarifa za magazeti na wachapishaji mnazipangaje?

Habari zenu wakuu, mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nauza makala na hadithi fupi, sasa taarifa za wachapishaji zimenizidi, nyingine ziko kwenye daftari, nyingine skrinshoti zimezama huko kwenye simu. Nikatengeneza jedwali la Excel, jina la mhariri, idadi ya maneno, malipo, tarehe ya mwisho, likanoga wiki mbili tu nikaacha kulijaza. Juzi nimetuma hadithi ya maneno 3,000 kwa jarida ambalo mwisho wao 1,500, tena kwa mhariri aliyeshaondoka, aibu tupu.

Mnapanga kwa jina la jarida au kwa aina ya kazi? Na taarifa mnazihakiki kila baada ya muda gani, au mpaka siku ya kutuma?