Mrejesho: sahani za bibi zenye madoa

Assalaam aleikum. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu sahani tatu za kaure za marehemu bibi, zilizokaa miaka zidakani (vishubaka vya ukutani) kwetu Mji wa Kale zikaingia madoa ya kahawia. Ahsanteni sana. Aliyenikataza jiki, Mungu akulipe; chupa nilishaifungua!

Niliziloweka kwenye maji safi, kisha nikabandika pamba yenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, nikafunika kwa nailoni. Siku nne, nikibadilisha pamba kila jioni. Mbili zimetakata, buluu yake imerudi. Ya tatu ina ufa, na kando yake umebaki mstari wa rangi ya chai.

Ila moja ya zile safi niliwahi kuisugua kwa magadi kabla sijasoma jibu la mwisho, lililokataza kusugua: dhahabu ya ukingoni imetoka kiasi cha ukucha. Mama hajaiona bado.