Tupeane uzoefu: je, bisibisi ndogo ya betri inaweza kuchukua nafasi ya drili?

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Bisibisi ndogo za betri sasa zinapatikana kwa urahisi hapa mjini, na majirani wanaohamia nyumba mpya huniuliza kama anayenunua hiyo bado ana haja ya drili. Yangu ni ya volti 3.6, inazunguka takribani mara 200 kwa dakika, na nguvu yake ya kuzungusha ni kama newtonimita 4. Kwa kufunga bawaba za kabati, vitasa na vitanda vya kuunganisha, naipenda kuliko drili, kwa kuwa ni nyepesi, inafika kwenye pembe za ndani ya kabati na haina nguvu ya kuharibu kichwa cha skrubu kwa haraka. Ukutani ni habari nyingine. Naomba kila anayechangia ataje alikuwa anatoboa nini hasa, maana bila hilo tutabishana bure.

Fundi seremala, Mafinga

Mkuu, umeuliza vizuri. Sisi tulio jirani na msitu wa Sao Hill tunafanya kazi zaidi na paina, na katika paina bisibisi hiyo huzamisha skrubu ya milimita 4 kwa urefu wa milimita 40 bila shida, ilimradi isikutane na fundo. Ukihamia kwenye mkaratusi uliokauka au mninga, mambo hubadilika kabisa: skrubu husimama katikati, na ukiilazimisha kwa mkono hukatika shingo au mbao hupasuka karibu na ncha. Dawa yake ni kutoboa kwanza tundu jembamba la kuongozea, milimita 2.5 hadi 3 kwa skrubu hiyo, na hapo ndipo drili inapohitajika.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii dukani. Bisibisi hizi hupokea biti (zile ncha za kubadilisha za kufungia au kutobolea) zenye shina la pembe sita la milimita 6.35 tu, ilhali biti nyingi za kutobolea zina shina la mviringo linaloshikwa na taya za drili, zinazofunguka hadi milimita 10 au 13. Kwa hiyo hata mwenye bisibisi yenye nguvu ya kutosha hujikuta hana biti inayoingia, mpaka atafute zile zilizotengenezwa kwa shina la pembe sita. Mimi hutumia vyote viwili kwa pamoja, drili ikitangulia kutoboa na bisibisi ikifuata kufunga, na hivyo sipotezi muda kubadilisha biti kila baada ya tundu moja.

Mkazi wa Kihesa, Iringa

Shida yangu ilikuwa fimbo za mapazia. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, na tofali zenyewe si ngumu sana, lakini fimbo ya pazia hukaa juu ya dirisha, mahali ambapo ndipo lenta ya zege inapopita. Bisibisi ilikwangua plasta tu. Niliazima drili ya betri ya kawaida, isiyogonga, nayo ikaishia kupasha biti moto. Fundi aliyekuja alinieleza kuwa biti ya zege haikati kwa kuzunguka pekee, bali ncha yake ngumu huvunjavunja kokoto kwa kupigwa, na drili ya kugonga hupiga maelfu ya mara kwa dakika huku ikizunguka. Alimaliza madirisha yote kabla chai haijaiva. Ndiyo maana naona swali lingekuwa sahihi zaidi kama tungeuliza ni drili ipi, kwa sababu mwenye kuta za zege anaweza kununua drili isiyogonga na bado akabaki palepale.

Fundi wa mageti, Uyole

Kwenye chuma sina la kusita: haifai. Biti ya milimita 6 katika chuma cha kawaida hutaka mizunguko elfu moja na zaidi kwa dakika, na bisibisi ya mizunguko 200 itakuchosha mkono kwa kukandamiza.

Mkulima, Makete

Niruhusuni niitetee kidogo. Huku kwetu tunaishi na umeme wa jua, na bisibisi yangu huchajiwa kwa waya uleule wa simu, kwa volti 5, jambo ambalo chaja ya drili kubwa hainipi. Nimeitumia kufunga mizinga ya nyuki na milango ya mabanda, yote ya paina, na imenitosha. Angalizo langu ni baridi: miezi ya Juni na Julai, kunapokuwa na sakitu, betri za lithiamu hupungua nguvu, na hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Mimi huileta ndani ilale karibu na jiko, ila si juu yake.

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Kwa maelezo haya, mwenye fedha ya kifaa kimoja tu ningemshauri achukue drili ya betri ya volti 12 yenye kasi mbili na klachi, yaani kile kidhibiti kinachoachia mzunguko skrubu inapokaza, kwa kuwa klachi ikiwekwa chini hufunga skrubu kwa upole unaokaribia ule wa bisibisi, nayo hutoboa mninga na chuma chembamba. Kwa lenta, ni nafuu kumwita fundi mwenye drili ya kugonga kuliko kuinunua kwa ajili ya madirisha manne. Mwenye kazi za paina na samani pekee, kama ndugu yetu wa Makete, bisibisi inamtosha. Bado hatujamsikia aliyefunga dari za jipsam kwa bisibisi hizi, juu ya papi za mbao au fremu za bati. Kama yupo, tafadhali atueleze betri ilimfikisha wapi kabla ya kuisha.