The Hangman's Beautiful Daughter (1968): je, ni albamu moja au ni rundo la vipande?

Mkaaji wa Katuba, Lubumbashi
Ndugu wapenzi wa muziki, nimekuwa nikiisikiliza albamu hii ya The Incredible String Band, kundi la Robin Williamson na Mike Heron kutoka Scotland. Mimi nimelelewa na magitaa ya Katanga, ya kina Jean Bosco Mwenda, ambamo kidole gumba hushika besi na vidole vingine hucheza juu yake, hata msikilizaji hapotei. Hapa mara ni sitari ya Kihindi, mara gimbri, ala ya nyuzi ya Moroko, mara kinanda. Je, kuna uzi unaoviunganisha, au walifuata tu fasheni ya miaka ile ya kutumia ala za kigeni?

Fundi wa sauti, Kamalondo
Yaya, uzi upo, ila usiutafute kwenye mapigo. Ufuate katika sauti za waimbaji. Sikiliza "A Very Cellular Song" wa Heron, wenye dakika 13 hivi: katikati yake unaingia wimbo wa dini wa kuagana kutoka Bahamas, unaoimbwa kwa makofi, kisha anaimba amiba, kiumbe mdogo wa seli moja, anayejigawa sehemu mbili bila kuhitaji mwenzi, na mwisho inakuja baraka. Viungo vinasikika waziwazi, na hilo ni kusudi, kwa kuwa kila sehemu ina kiumbe wake anayesema. Tena Joe Boyd, aliyesimamia kazi hiyo, aliwaacha warekodi sauti juu ya sauti, ndiyo maana watu wachache wanasikika kama kundi zima. Tofauti na hapo, Bosco, aliporekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alikuwa na gitaa moja tu.

Mpenzi wa sahani za zamani
Nakubali kuhusu wimbo huo, lakini si kuhusu albamu nzima. "The Minotaur's Song" ni kichekesho cha jukwaani chenye kiitikio cha kwaya, na kila nikiusikia naona umepotea njia. Kuhusu fasheni, ningetofautisha vyombo: Williamson alikwenda Moroko mwenyewe na kurudi na ala za huko, na gimbri yake, anayoipiga kwa upinde, inalia sambamba na uimbaji wake wa kupindapinda. Sitari ni pambo zaidi, kwa maana haifuati utaratibu wa raga, yaani mfumo wa melodia wa muziki wa Kihindi. Hata hivyo Waingereza waliinunua albamu hiyo kwa wingi, ikafika nafasi ya 5 katika chati yao.