Naomba ushauri: rufaa imegonga mwamba, tupeleke wapi malalamiko ya mdogo wangu?

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anatumikia kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Tangu siku ya kwanza kizimbani hakuwa na wakili, alijitetea mwenyewe hadi Mahakama ya Rufani, na huko nako rufaa ikatupwa. Mama ameifunga nakala ya hukumu kwenye kanga, ameiweka chini ya godoro. Kila nikienda nyumbani ananitolea niisome upya.

Nilipata matumaini niliposoma kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Afrika, iliyopo hapa hapa Arusha, ile inayosikiliza kesi za haki za binadamu, iliamua kesi inayofanana sana na hii: kumnyima mshtakiwa wakili wa bure kwenye kosa zito kama hilo ni kuvunja haki yake. Kumbe Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko linalomruhusu mtu binafsi kufungua kesi pale, na tangu Novemba 2020 mlango umefungwa. Inauma, mahakama iko jirani lakini huwezi kuingia.

Nasikia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Banjul, Gambia, bado inapokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Kuna aliyewahi kuwaandikia? Wanakubali Kiingereza cha kuungaunga cha mtu asiye wakili? Hukumu ina miezi minne, na sijui "muda unaofaa" wa kupeleka malalamiko wanaoutaka ni upi. Au nianze na mapitio hapa nyumbani kwanza, yaani kuomba Mahakama ya Rufani iipitie upya hukumu yake? Tafadhali mnielekeze, hata PM.