UZI WA HASIRA: Eti "hujui kutumia"! Hizi ndoo, swichi na milango ya Dodoma nani anazichora?

Wakuu salaam,

Kuna neno wauzaji na mafundi wa mji huu wameligeuza ngao: "Hujui kutumia." Umesukuma mlango wa kuvuta, hujui kutumia. Umewasha feni ulipotaka taa, hujui kutumia. Sasa kitu cha kila siku, anachokishika mtoto wa darasa la pili na bibi aliyeshuka basi leo kutoka Kongwa, kikihitaji mwalimu, aliyefeli ni aliyekichora.

Tuanze na milango ya kioo ya majengo mapya. Bomba la kushika limesimama pande zote mbili, ndani na nje. Mkono ukiona bomba unavuta, hauombi ruhusa kichwani. Upande wa kuvuta weka bomba, upande wa kusukuma weka bamba bapa, hata asiyejua kusoma atapita. Nyie mnabandika karatasi "SUKUMA". Mlango wenye maelekezo! Donald Norman, mtaalamu wa Marekani wa usanifu wa vitu vya kila siku, alilipigia kelele jambo hili tangu miaka ya 1980, hadi milango ya aina hiyo ikapewa jina lake.

Swichi ndiyo kichekesho. Sita kwenye kava moja pembeni ya mlango wa sebule. Ya kwanza kushoto inawasha taa ya nje, ya pili feni, ya tatu korido, ya nne haijulikani. Mgeni anabofya zote kama anapiga kinanda. Kanuni ni moja tu: mpangilio wa swichi ufuate mpangilio wa taa. Taa ya kushoto, swichi ya kushoto. Ya nje ikae mwisho upande wa mlango, na feni iwe na kava lake.

Ila kinachonichefua kuliko vyote ni ndoo. Mji wa mgao wa maji huu, ndoo na dumu ni viungo vya mwili. Lita 20 za maji ni kilo 20, bado ndoo yenyewe. Mpini ni waya mwembamba kuliko penseli, na kile kiplastiki cha katikati kinapasuka au kinateleza pembeni ndani ya wiki chache. Uzito wote unakaa kwenye mstari mmoja wa vidole vinne, damu haipiti, ganzi inaingia kabla hujafika getini. Dumu nalo lina dhambi yake: pitisha kidole chini ya mpini utakuta ukingo mkali. Ule ni mshono, pale nusu mbili za kalibu, umbo la kuundia dumu, zilipokutana, na umepita palepale vidole vinapobeba. Kiwandani kuukwangua ni kazi ya kisu na dakika moja. Mpini wa mzigo kama ule unataka unene wa sentimita 3 hivi, na nafasi ya vidole sentimita 10 hadi 12 ili mkono wa mtu mzima uingie wote.

Na luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. Namba ya kuingiza umeme ina tarakimu 20, na meseji nyingine inakuja zimeshikana kama treni. Kichwa cha binadamu kinabeba nne nne. Ukikosea ya 17, kitufe cha kufuta moja kipo kwenye rimoti nyingi, ila kimewekewa kialama ambacho hakuna aliyewahi kuelezwa maana yake, basi watu wanaanza upya. Mwaka 2024 tukaingiza makundi matatu ya 20, jumla 60, kwa kufuata mpangilio. Sababu ilikuwa ya kweli: mita za mfumo huu duniani zilihesabu dakika kuanzia 1993, na hesabu ilikuwa inafika ukomo 24 Novemba 2024. Sawa. Lakini ukikosea, mita inakataa tu, haikwambii umekosea wapi. Kukataa bila kusema sababu ni dharau.

Mnaouza na mnaofunga, karibuni mjitetee.

FundiWaya: Mkuu, kwenye swichi umetuonea. Mwenye nyumba anataka bei ya chini, hana mchoro, nyaya zote kanunua rangi moja. Tunafunga kadiri zinavyotokea kwenye bomba. Ila kurekebisha si kazi kubwa. Zima meni swichi, fungua skrubu mbili za kava, hakikisha kwa testa kwamba hakuna moto. Waya unaoruka kutoka swichi hadi swichi usiuguse, huo ndio unaoleta umeme. Hamisha zile moja moja zinazopanda kwenda taa. Ukiona swichi yenye nyaya kwenye skrubu tatu tofauti, ya taa inayowashwa sehemu mbili, iache, ita fundi.

Mleta uzi: FundiWaya, asante kwa kukiri. Nyaya za rangi moja ni ubahili wa mwenye nyumba, nakubali. Lakini kipande cha tepu chenye namba kwenye kila waya, siku ya kuvuta, kinagharimu nini?

MamaAlizeti: Kaka, umesahau dumu la mafuta la lita 5. Watu wanamimina mdomo ukiwa upande wa chini, linapiga kwikwi, nusu ya mafuta mezani. Ligeuze, mdomo uwe upande wa juu: hewa inaingia huku mafuta yanatoka, yanatiririka kimya. Kiwanda kingechora kamshale tu kwenye lebo. Kwa waya wa ndoo, kata bomba la plastiki la inchi moja, sentimita 12, lipasue kwa urefu upande mmoja, livishe kwenye waya, funga raba ya tairi ya baiskeli lisichomoke.

Mleta uzi: Dada, hiyo ya bomba nimeipenda na imenitia hasira zaidi. Ndoo mpya ya dukani, mnunuzi ndiye anaimalizia.