Tupeane uzoefu: mashine mpya ya Windows 11, ulianza kugusa nini?

#1
Wakuu, salaam. Nimejikamua nikavuta mashine mpya. Ile ya zamani ilikuwa na Windows 10, na tangu Oktoba 14, 2025 muda wake wa kawaida wa kupata apdeti za usalama bure ulishakwisha.

Naanza na langu. Siku ya kwanza niliiunganisha na hotspoti ya simu, bando la wiki nzima limo, nikaenda kuoga. Narudi nakuta meseji: bando limeisha. Mashine ilikuwa inajishushia apdeti kimya kimya. Kosa langu, sikuiambia kwamba intaneti hii ni ya kununua kwa kipimo. Ingia Settings, Network & internet, bonyeza jina la Wi-Fi ya simu yako, washa "Metered connection". Sasa apdeti nyingi zinasubiri mpaka nifike kazini.

Wewe ulianza na nini? Picha ya mtoto kwenye skrini haihesabiki.

#2
Umegusa donda. Ukiwa hapo hapo Settings, ingia Windows Update, kisha Advanced options, zima Delivery Optimization. Hiyo inaweza kuifanya mashine yako igawie kompyuta nyingine vipande vya apdeti. Ukarimu mzuri, ila si kwa bando langu.

#3
Mimi ndugu zangu nilianza na machozi.

Nilinunua laptop nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Kijana wa dukani akanisaidia "kuiandaa": akaiwasha, akaweka lugha, akanikabidhi ikiwa tayari. Nikaona huduma safi. Miezi saba baadaye fundi akanifanyia apdeti ya BIOS, ile programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Ilipowaka ikaja skrini ya bluu inadai namba ya BitLocker, tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Namba gani tena? Sijawahi kuiona maishani.

Kumbe BitLocker, kufuli ya Windows, ilikuwa imeifunga diski kwa usimbaji tangu siku ile, na ufunguo, ndiyo hiyo namba, huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa mashine. Akaunti ilikuwa ya yule kijana. Nikarudi dukani: ameshaacha kazi, namba haipatikani. Tulipiga Windows upya. Sura mbili za utafiti wangu zilikwenda na maji, nikaziandika tena kwa kukumbuka.

Usimbaji wenyewe sina ugomvi nao, mwizi akiiba mashine hasomi kitu. Lakini akaunti fungua mwenyewe, kwa barua pepe yako, hata kama foleni dukani ni ndefu.

#4
Pole sana dada. Mimi dogo tu: Ctrl+Shift+Esc, nenda Startup apps. Nilikuta programu tisa zinaamka pamoja na mashine, ikiwemo ya kuua virusi ya majaribio inayonidai hela kila asubuhi. Nimeiondoa, Defender iliyokuja na Windows inanitosha. Nimebakisha mbili tu kwenye kuwaka.

#5
Niko Mombasa, kazi yangu kuchapia watu barua za kazi na wasifu. Kitu kilichonipa faida ni Windows+V. Mara ya kwanza inakuuliza kama uiwashe, kubali. Kuanzia hapo inakuwekea hadi vitu 25 ulivyonakili, sio kimoja. Jina la mteja, namba ya kitambulisho, anwani, vyote vimepangana, nachagua tu. Zile sentensi za "Mimi niliyetajwa hapo juu" nimezibana kwa pini, maana mashine ikizimwa zisizobanwa hupotea. Tahadhari moja: neno la siri ukilinakili nalo huenda likakaa humo, na kompyuta yangu hukaliwa na watu watatu. Futeni.

#1
#3, umenitia baridi. Hiyo namba naionaje kabla mambo hayajaharibika?

#3
Bofya kulia kitufe cha Start, chagua Terminal yenye Admin, andika hivi:

manage-bde -protectors -get C:

Kama diski imefungwa, tarakimu 48 zitatokea chini ya neno Password. Zinakili kwa mkono kwenye daftari, usizihifadhi ndani ya mashine hiyo hiyo. Halafu nenda Settings, Accounts, Your info, uangalie barua pepe iliyoandikwa pale ni ya nani.

#1
Namba imetoka, nimeiandika nyuma ya risiti.

Barua pepe siyo yangu. Kesho alfajiri naamkia dukani.

#3
Usiende kugombana. Mwambie aiingize yako mbele ya macho yako, ya kwake aitoe. Na hiyo namba ihamishie kwenye daftari, mkuu. Risiti utamwachia yeye kaunta.