Tupeane uzoefu: uliyewahi kuwania kiti cha wadi au kumzungukia mgombea kumtafutia kura, ilikuwaje?

Mdawida

Hamjambo nyote. Agosti 2027 inakaribia, na mitaani majina ya urais na ugavana yameshaanza kuvuma. Naomba hapa tuzungumzie ile karatasi ya MCA, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, ambayo watu wengi huikunja haraka haraka wakiwa wameshachoka na foleni.

Kenya ina wadi 1,450 katika kaunti 47, na kila wadi humpeleka mtu mmoja kwenye bunge la kaunti. Huyo ndiye anayepitisha bajeti ya gavana, anawapiga msasa mawaziri wa kaunti kabla hawajaapishwa, na hoja ya kumng'oa gavana huanzia mikononi mwake. Zahanati ikikosa dawa, chekechea ikikosa mwalimu, soko likikosa choo, mlango wa kubisha ni huo. Mimi naamini kiti hiki kinastahili kupiganiwa kwa makini kuliko vyote, na ndiyo maana nataka kusikia kutoka kwa waliokuwa ndani.

Naanza na yangu. Mwaka 2017 shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa chekechea huku Taita, aliwania. Aprili alikwenda kwenye mchujo wa chama. Karatasi tulizoambiwa zingefika alfajiri ziliingia jioni, tukapiga kura ndani ya jumba la kanisa tukimulikana kwa simu. Akashindwa. Kesho yake asubuhi alichemsha chai, akatuketisha, akasema anakwenda huru, yaani bila chama.

Kwenda huru si kutangaza tu. Katiba inataka uwe umetoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na kura ilikuwa 8 Agosti, kwa hiyo barua yake ya kujiuzulu tuliipeleka mbio. Halafu unatakiwa kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo hiyo. Niliyabeba yale makaratasi wiki mbili, mlima huu, bonde lile. Kuna bibi mmoja tulimkuta anapepeta pojo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mjukuu wangu, kitambulisho changu kiliwahi kuandikwa na mtu, nikaja kudaiwa mkopo nisioujua." Nilimwelewa kabisa. Shangazi akaja mwenyewe siku ya pili, akaketi naye chini, akamsaidia kupepeta. Hawakuzungumza habari za kura hata kidogo. Wakati wa kuaga bibi akasema, "Lete hiyo karatasi." Mikono ilikuwa na vumbi la maganda, na alama yake ya kidole ilitoka na chembe mbili za pumba ndani yake.

Alama yetu ya uchaguzi ilikuwa mtungi, kwa sababu habari yake kubwa ilikuwa maji. Tulishindwa kwa kura 61. Vituo tulivyokuwa na mawakala tuliongoza karibu vyote. Vile ambavyo hatukuwa na mtu, hadi leo sijui kilichoendelea usiku ule, na hilo ndilo linaloniuma.

Karibuni.

Karani Mstaafu

Mdawida, umegusa penyewe. Mimi nimefanya kazi ya kituo katika chaguzi zote tatu, 2013, 2017 na 2022. Niseme nilichokiona kwa macho.

Kura za rais huhesabiwa kwanza, na hapo chumba kinajaa, kila wakala amesimama. Zikija kuisha za wadi, usiku umekwenda sana. Wakala wa mgombea wa wadi ameamka saa tisa usiku wa jana, hajala, kichwa kimelala mezani. Namuamsha, namwambia, "Kijana, sasa ndiyo yako." Anafungua macho mekundu, anatia sahihi Fomu 36A bila kuisoma. Hiyo fomu ndiyo matokeo ya mgombea wako katika kituo hicho! Isome safu kwa safu, jumlisha mwenyewe, linganisha tarakimu na maneno, kisha chukua nakala. Kama hukubaliani usitoroke. Andika sababu zako, maana kukataa tu kutia sahihi hakuyabatilishi matokeo.

Na jamani, wakala wa wadi mpeni chakula. Nimeona wagombea waliotumia pesa nyingi kwa fulana na vipaza sauti halafu wakala wao anashinda na pakiti moja ya biskuti.

Mama Fatu, Kwale

Assalaam aleikum. Nimesoma ya shangazi hadi machozi yakanilengalenga.

Mimi niliwania 2022. Maneno niliyoambiwa siyaandiki yote. La kwanza lilikuwa, "Wewe umeolewa huku, rudi kwenu ukagombee." Nikienda kwetu nilikozaliwa naambiwa, "Wewe ulishaolewa, si wa huku tena." Nina watoto wanne waliozaliwa katika wadi hii na mama mkwe niliyemzika mimi hapa. Sasa kwetu ni wapi?

La pili lilikuja kwa upole, tena kutoka kwa watu wanaonipenda: "Ngoja uteuliwe." Ni kweli Katiba, kifungu cha 177, inaweka viti maalum ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya bunge la kaunti. Lakini viti hivyo hugawanywa kwa vyama kulingana na viti walivyoshinda, na majina hutoka kwenye orodha ya chama. Mteule hana wadi. Nilitaka kusimama mbele ya watu walionichagua waniulize kuhusu kisima chao. Nchi nzima wanawake walioshinda viti vya wadi walikuwa 82 mwaka 2013, 96 mwaka 2017, na 115 mwaka 2022. Kati ya 1,450! Kila nikiitazama hesabu hiyo nazidi kuona kwamba kungoja si njia.

Ada ya tume ya uchaguzi haikuwa kikwazo, tusidanganyane. Mgombea wa wadi alilipa 5,000, na mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu nusu yake, 2,500. Gharama ni ile ya kila siku. Mlango unagongwa kabla ya alfajiri: huyu ana mgonjwa, yule ana karo, yule ana maiti hospitalini hajamtoa. Sheria inakataza kumpa mpiga kura chochote ili akuchague, nami nilishikilia hapo. Wengine waliniita bahili. Lakini kwenye msiba nilikwenda kama nilivyokuwa nikienda miaka yote, nikaingia jikoni, nikakuna nazi na wenzangu. Wapinzani wangu walikuja na magari na vipaza sauti, wakasema mawili matatu, wakaondoka kabla ya kuzikwa.

Sikushinda, nilikuwa wa tatu kati ya tisa. Kituo cha shule iliyo karibu na nyumbani niliwashinda wote, na wale waliokuwa wakiniambia nirudi kwetu ndio walionipigia simu kunipa habari hiyo.

Jirani wa Mto

Poleni na kazi nzuri. Ila mimi nakubali nusu tu. MCA wetu tulimpigania sana, akashinda, na baada ya kuapishwa tulimwona kwenye mazishi mawili. Sasa hivi nikiombwa kumzungukia mtu nauliza kwanza: ukichaguliwa ofisi yako ya wadi itakuwa wapi, na itafunguliwa siku gani?

Mdawida

Jirani, swali lako nalichukua kama lilivyo. Shangazi atalijibu hadharani, nitamwambia leo.

Binti wa Likoni

Mimi ni wa Mombasa. 2022 nilikuwa namsaidia kaka mmoja wa mtaa wetu. Mtakumbuka uchaguzi wa gavana hapa kwetu na Kakamega uliahirishwa, ukaja kufanyika 29 Agosti. Basi 9 Agosti sisi tulikuwa na karatasi tano badala ya sita. Lakini neno lililozagaa mtaani asubuhi lilikuwa, "Kura Mombasa imeahirishwa." Nimekuta mama yuko kwenye karai la viazi karai, hana habari, ananiambia, "Mwanangu, si wamesema hadi mwisho wa mwezi?"

Tukagawana mitaa. Mimi na vijana watatu wa bodaboda tulipita kila kibarazani: ya gavana tu ndiyo haipo, ya rais, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA zipo leo. Hatukumwambia mtu ampigie nani, kwa sababu siku ya kura kampeni hairuhusiwi. Tulisema kura ipo, basi. Yule mama aliuzima moto, akajitanda leso, akaenda na unga wa bizari bado kwenye kucha.

Kama wadi yako itapata mabadiliko ya ghafla, usingoje redio.

Mzee wa Mwera

Samahanini naingia kutoka Unguja, mambo yetu yanafanana kiasi. Sisi mtu wetu wa jimbo ni mwakilishi, anayeingia Baraza la Wawakilishi, lililoanza 1980. Siku ya kura Mzanzibari hushika karatasi tano: rais wa Muungano, mbunge, rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani. Wengi hawatofautishi mbunge na mwakilishi. Yule anakwenda Dodoma, huyu anabaki hapa kutunga sheria za Zanzibar: skuli, afya, ardhi.

Mwaka 2015 nilisimamia kituo kwa niaba ya mgombea wa uwakilishi. Tulipiga kura 25 Oktoba, tukahesabu, nikayanakili matokeo ya kituo kwenye daftari la skuli la mwanangu. Tarehe 28 uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, ukarudiwa 20 Machi 2016. Lile daftari ninalo. Nyuma ya ukurasa ule kuna hesabu zake za darasa la nne.

Wakili Mdogo wa Bungoma

Niongeze la mahakamani, maana Mdawida hakulitaja na najua wengi hulikimbilia kwa hasira. Mimi si wakili aliyesajiliwa, jina hili nilipewa nyumbani baada ya kumfuata kaka yangu mahakamani 2017.

Kesi ya MCA haiendi Mahakama Kuu kwanza, husikizwa na hakimu. Una siku 28 tangu matokeo kutangazwa kuifungua, na dhamana ya gharama ni shilingi 100,000 mbali na malipo ya wakili. Hakimu ana miezi sita kuamua. Ukikata rufaa Mahakama Kuu, unabishania sheria tu, ushahidi haurudiwi. Kaka aliuza ng'ombe wawili wa maziwa. Masanduku yalifunguliwa, kura zikahesabiwa upya, tofauti ikapungua lakini haikufutika. Alichokosa kilikuwa kile anachosema Karani: nakala za fomu. Alikuwa na picha za simu zenye ukungu, nyingine zimekatwa pembeni, huoni hata jina la kituo. Hakimu alimuuliza kwa heshima kabisa, "Hii ni ya wapi?" na kaka akanyamaza.

Piga picha fomu nzima, pembe zote nne, mwanga wa kutosha. Ipige mara mbili.

Mdawida

Asanteni sana. Nimemsomea shangazi yote, ya Mama Fatu akanitaka nirudie. Anasema Jirani ajibiwe hivi: ofisi itakuwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake hadi kaunti itoe jengo, Jumatatu na Ijumaa, na funguo za akiba atakaa nazo jirani yake wa kanisani.

Ndiyo, anarudi debeni. Miaka imekwenda lakini miguu bado inapanda mlima. Safari hii hajachapisha fulana hata moja. Amenunua daftari kubwa la jalada gumu, na ukurasa wa kwanza ameandika vituo vyote 23 vya wadi yetu kwa mwandiko ule wake wa ubaoni. Mbele ya kila kituo ameacha mistari miwili, mmoja wa wakala na mmoja wa atakayempelekea chakula cha usiku. Hadi jana mawakala walikuwa 17. Sita wamebaki.